Baiskeli Zilizopanda Pha Din

Kila niliyemwambia pale Hanoi kwamba naelekea Dien Bien Phu alinishauri nipande ndege. Barabara ni ndefu, walisema, kona haziishi, na milima ya kaskazini-magharibi ya Vietnam haina huruma kwa tumbo la mgeni. Lakini milima hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Nilitaka kuiona njia ambayo mwaka 1954 watu walisukuma baiskeli zilizosheheni mchele, usiku baada ya usiku, mpaka karibu na bonde ambako utawala wa Ufaransa katika Indochina ulifikia kikomo.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora. Baba alikuwa na baiskeli nyeusi ya Phoenix aliyobebea tumbaku hadi kwenye ghala la chama cha msingi, na ndiyo hiyo iliyompeleka mama hospitali aliposhikwa na uchungu wa kunizaa. Kwa hiyo niliposoma kwa mara ya kwanza kwamba jeshi zima lililishwa kwa baiskeli, sikuona ajabu. Nilichotaka kujua ni jinsi walivyofunga mzigo.

Hanoi ya leo imehamia kwenye pikipiki. Zinapita kwa wingi kiasi kwamba kuvuka barabara kunahitaji moyo: unatembea polepole bila kusimama, nazo zinakukwepa. Hata hivyo, alfajiri utawakuta wanawake wenye kofia za ukindu wakisukuma baiskeli zenye maua na matunda nyuma, hawazipandi, wanatembea pembeni yake. Niliwafuata kwa macho muda mrefu. Namna ile ya kutembea na baiskeli, bega likiwa karibu na siti na mkono mmoja ukiongoza usukani, naijua vizuri. Wachoma mkaa wanaotoka vijijini kuingia mjini alfajiri kwetu hutembea vivyo hivyo.

Tulitoka mjini na kijana mmoja anayesomea historia chuoni, ambaye alikubali kuwa mkalimani wangu, pamoja na dereva mtu mzima asiyependa maneno mengi. Hoa Binh tuliipita haraka. Moc Chau ni nchi ya juu yenye ubaridi, mashamba ya chai na ng'ombe wa maziwa. Mtu wa Mufindi au Kericho angeshuka kwenye gari na kujiona yuko kwao. Kilichonisimamisha ni Co Noi.

Co Noi ni njia panda. Njia mbili hukutana hapo: moja ikitoka Viet Bac, kaskazini, kwenye ngome za wapiganaji wa Vietminh waliokuwa wakipigania uhuru dhidi ya Wafaransa, nyingine ikitoka tambarare za Thanh Hoa upande wa kusini. Sehemu kubwa ya mchele na risasi zilizokwenda Dien Bien Phu ilipita hapo au karibu na hapo, na Wafaransa walilijua hilo. Ndege zao ziliipiga Co Noi kwa mabomu mchana, na usiku vijana wa kujitolea, wasichana na wavulana, wakatoka kufukia mashimo kwa majembe na makapu ili njia ipitike. Mabomu mengine hayakulipuka papo hapo. Yalitegwa yalipuke baadaye, wakati watu wakiwa kazini. Leo pana mnara wa kuwakumbuka na bustani iliyotunzwa. Dereva wetu, yule asiyependa maneno, alishuka bila kuambiwa, akawasha ubani, akauchomeka kwenye chungu cha mchanga, akarudi garini. Sikumuuliza kitu.

Usiku huo tulilala Son La kwenye nyumba ya Wathai Weusi, mojawapo ya makabila ya milimani. Nyumba zao husimama juu ya nguzo, watu juu, kuku na kuni chini. Mwenyeji wetu, mama wa makamo aliyefunga nywele utosini, alitupikia samaki wa mtoni aliyepasuliwa mgongoni, akajazwa majani na viungo, akakunjwa, akabanwa kwa mwanzi na kubanikwa juu ya makaa. Chakula chenyewe kililiwa kwa mikono: unafinyanga tonge la wali unaonata, unachovya kwenye pilipili iliyotwangwa na kitunguu saumu na pilipili mtama ya porini inayotia ganzi ulimi. Nilipofinyanga tonge langu bila shida mama alicheka kwa furaha, akamuuliza mkalimani kama Afrika tunakula hivyo. Nikamwambia, mama, sisi tunakula hivi tangu tukiwa mgongoni.

Mama huyo alitueleza kwamba mama yake, akiwa msichana mwaka ule wa vita, alitwanga mpunga usiku pamoja na wanawake wa kijiji kizima. Mchele mwingine ulitoka mbali tambarare, lakini mwingine ulitoka hapahapa, kwenye ghala za watu wa milimani ambao wenyewe hawakuwa na ziada. Alilisema hilo kwa msisitizo. Historia za vita hivyo, alisema, huwataja zaidi watu wa tambarare.

Kesho yake tukaanza kuupanda mlima wa Pha Din. Ni njia ya mlimani ya kilomita 32 kati ya Son La na Dien Bien, na kilele chake kinapita mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Siku hizi kuna barabara mpya yenye mteremko mpole, lakini ya zamani bado ipo, nyembamba, inajizungusha kwenye mbavu za mlima. Nikamwomba dereva atangulie, mimi na mkalimani tukapanda kwa miguu kipande cha njia ya zamani. Ilikuwa Machi, na miti ya ban ilikuwa imechanua maua meupe mlima mzima. Nikaitambua kwa majani yake yaliyogawanyika katikati kama kwato: ni wa jamii moja na msegese wetu. Kuuona mti wa nyumbani ukiwa na maua ya ugenini, kwenye mteremko uliowahi kumwagiwa mabomu, kulinigusa kuliko nilivyotegemea.

Nilikuwa sina mzigo, nimevaa viatu vizuri, ni mchana. Baada ya kona chache pumzi ikawa inanikatika. Nikasimama kwenye ukingo na kujaribu kufikiria kilo 200 kwenye baiskeli, gizani, njia ikiwa tope.

Hapa inafaa nieleze jinsi mambo yalivyokuwa. Novemba 20, 1953, askari wa miamvuli wa Ufaransa walitua katika bonde la Dien Bien Phu na kujenga ngome kuzunguka uwanja wa ndege. Hesabu yao ilikuwa hii: wao watalishwa kwa ndege kutoka Hanoi, na adui hataweza kuvuta mizinga wala kulisha jeshi kubwa mamia ya kilomita katika milima isiyo na barabara za maana. Jenerali Vo Nguyen Giap, kamanda wa Vietminh, naye alipanga kuwashambulia upesi mwishoni mwa Januari, vita viishe kwa siku chache. Kisha Januari 26, mizinga ikiwa imeshavutwa kwa mikono hadi mahali pake, akaahirisha. Aliona kwamba shambulio la haraka lingewaangamiza watu wake, akaamua kuwazingira Wafaransa na kusonga mbele pole kwa pole, mahandaki yakichimbwa hatua kwa hatua. Mizinga ikavutwa kurudi nyuma, tena kwa mikono. Kuna wanaosema huo ndio uamuzi mgumu kuliko yote aliyoyafanya katika maisha yake ya ukamanda, na mwenyewe aliandika hivyo baadaye.

Ila kuahirisha vita kuna bei yake, na bei hiyo ni chakula. Jeshi lililopaswa kula kwa siku chache sasa lingekula kwa miezi. Mbebaji anayetembea na mzigo begani akisafiri wiki nyingi hula sehemu kubwa ya kile anachokibeba. Akifika mstari wa mbele amebaki na vibaba. Baiskeli ndiyo iliyobadilisha hesabu hiyo. Mtu mmoja aliyesukuma baiskeli alipeleka mzigo wa watu wengi, na bado akala chakula cha mtu mmoja. Kwa hesabu za Vietnam, raia zaidi ya 260,000 walihamasishwa kubeba mizigo ya vita hivyo, na baiskeli za mizigo zilikuwa karibu 21,000. Malori yaliyotengenezwa Urusi yalikuwepo pia, mamia kadhaa, yakafanya kazi kubwa, na mtu asije akaniambia baiskeli peke yake ilishinda vita. Lakini lori lilihitaji barabara, petroli na daraja. Baiskeli ilipita kwenye kijia, ikavuka mto juu ya mianzi, na ndege iliposikika, baiskeli iliingizwa msituni na kufunikwa majani.

Kileleni wanawake wa Kihmong wanauza mahindi ya kuchoma, viazi vitamu vya kuchoma na wali uliopikwa ndani ya mwanzi. Nilinunua vyote. Mahindi ya kuchoma barabarani, kwenye ubaridi wa mlima, moshi ukiingia machoni: hapo Vietnam na Lushoto ni nchi moja.

Bonde la Dien Bien, au Muong Thanh kama wenyeji wanavyoliita, linakushtua kwa utambarare wake baada ya milima yote hiyo. Ni mashamba ya mpunga mpaka macho yanapoishia, mto Nam Rom ukipita katikati. Mchele wa hapa unasifika Vietnam nzima. Hata Hanoi wauzaji hulitaja jina la Dien Bien wanapotaka bei nzuri. Niliwaza juu ya wale waliovuka Pha Din na magunia kuja kuwalisha watu waliokuwa wamelizingira bonde la mchele.

Mjini nilitaka kumpata mtu wa kunieleza habari za kufunga mzigo. Mkalimani wangu akauliza uliza, tukaelekezwa kwa fundi mmoja mzee mwenye kibanda cha kutengeneza pikipiki na baiskeli. Kabla ya lolote fundi aliuliza umri wangu. Kule kila mtu humwita mwenzake kwa jina la udugu, kaka, mjomba, babu, na hawezi kuanza kuzungumza nawe kabla hajajua wewe ni nani kwake. Alipojua, akaniita mwanangu, nami nikamwita baba, na mambo yakawa mepesi.

Baba yake alikuwa mkulima wa Thanh Hoa, mkoa uliotoa baiskeli nyingi kuliko mikoa mingine. Alisukuma baiskeli hadi Dien Bien Phu, vita vilipoisha akarudi kwao, kisha miaka michache baadaye akahamia huku kufanya kazi katika shamba la serikali. "Wenzake walimwambia, umeipenda ile milima?" alisema fundi. "Akawajibu, nimeacha jasho jingi kule, lazima niende kulivuna."

Nikamwomba anionyeshe. Aliivuta baiskeli ya mjukuu wake, akaingia nyuma ya kibanda akarudi na vipande viwili vya mwanzi na kamba. Kipande cha kwanza, kirefu kuliko mkono, alikifunga kwenye usukani upande wa kushoto kikatokeza nje. Cha pili alikisimamisha wima nyuma ya siti. Akashika kimoja kwa kila mkono, akatembea kando ya baiskeli huku akiiongoza, mwili wake ukiwa mbali na mzigo ambao haukuwepo. Kile cha usukani ni cha kuongozea, alisema; cha nyuma ni cha kusukumia, cha kuweka mizani, na cha kuzuilia unaposhuka. Fremu ilifungwa vyuma au mbao isipinde. Tairi zilishindiliwa matambara na tyubu kuukuu ndani ili zisipasuke kwa uzito. Wengine walichana suruali zao. Baiskeli zenyewe nyingi zilikuwa za Kifaransa, Peugeot na nyinginezo, zilizonunuliwa wakati wa amani kwa ajili ya kwenda sokoni.

"Walikwenda kwa vikundi," alisema. "Kwenye kupanda, mmoja anavuta kwa kamba mbele, wawili wanasukuma, wakifika juu wanarudi kuchukua ya mwenzao. Kila kundi lina fundi wake. Kushuka ndiko kubaya. Baba alisema kupanda kunakuchosha, kushuka kunakuua."

Nikamweleza jinsi baba yangu alivyofunga marobota ya tumbaku: mti mmoja juu ya keria, kukingama, na mpira wa tyubu ukizungushwa mara nyingi. Nikamchorea kwenye kipande cha boksi. Alikitazama kwa makini, akauliza mpira ule hukatwa upana gani. Tukakaa pale mpaka jua likazama, mkalimani akihangaika kutafuta maneno ya spoku na rimu, sisi wawili tukielewana kwa vidole.

Mwanzoni baiskeli moja ilibeba kama kilo 80 au 100. Kadiri watu walivyozidi kupata ujuzi, mizigo ikaongezeka hadi 200 na 300, na vikundi vikashindana. Mtu aliyeshika rekodi anaitwa Ma Van Thang, wa mkoa wa Phu Tho: kilo 352 kwa safari moja. Kwenye jumba la makumbusho la ushindi wa Dien Bien Phu, baiskeli ya mzigo imewekwa mahali pa heshima sawa na mizinga. Karibu nayo lipo toroli la mbao la mkulima wa Thanh Hoa, ambaye alipokosa mbao za kutosha kutengeneza gurudumu alichukua ubao wa madhabahu ya wahenga wake. Nilisimama muda mrefu zaidi mbele ya gurudumu lile kuliko mbele ya bunduki zote. Mtu aliyelelewa katika kuheshimu mizimu anajua maana ya kubomoa mahali pa kutambikia. Bila shaka aliwaomba radhi kwanza.

Kwenye ghorofa ya juu kuna mchoro mmoja mkubwa uliozunguka ukuta mzima wa duara, wenye urefu wa zaidi ya mita 130. Ungetegemea uanze na majenerali. Unaanza na raia: wanawake wenye mizigo kwenye mti begani, farasi, malori, na mistari ya baiskeli inayopanda mlima.

Vita vyenyewe vilianza Machi 13, 1954, na kuisha Mei 7. Siku 56. Nilipanda kilima cha A1, ambako kuna shimo lililoachwa na karibu tani moja ya baruti iliyolipuliwa chini ya ngome ya Wafaransa usiku wa Mei 6. Nilikwenda pia kilima cha Doc Lap, ambacho Wafaransa walikiita Gabrielle. Waliokilinda walikuwa Waalgeria. Kwingineko bondeni walikuwepo Wamoroko, na kwenye mizinga vijana kutoka Afrika Magharibi. Waafrika walikufa katika bonde hili wakilinda himaya iliyowatawala wao wenyewe, na Novemba 1 ya mwaka uleule Algeria ikaanza vita vyake vya ukombozi. Nilisoma dua pale kilimani kwa ajili yao. Hakuna aliyenikataza.

Chini ya A1 kuna makaburi 644 ya wapiganaji wa Vietnam. Yalipojengwa, manne tu ndiyo yaliyokuwa na majina. Ni hapo kwenye mistari ya mawe meupe ambapo nyumbani kulinijia kwa nguvu.

Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Tabora. Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba babu yake alichukuliwa siku zile akiwa shambani, akafungwa mzigo kichwani, na hakuonekana tena. Hakujua alikufa wapi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, ndorobo walikuwa wameua farasi na nyumbu, kwa hiyo majeshi yote yaliyopigana Afrika Mashariki, ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji, yaliwageuza watu kuwa wanyama wa mizigo. Upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa wapagazi wapatao milioni moja kwa nyakati mbalimbali, na vifo vilivyoandikwa vinapita 90,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Wengine wengi hawakuandikwa popote. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wakubwa wa vita vile waliuona hivyohivyo.

Sitaki kupamba upande wa pili. Hata Vietnam kubeba mzigo kulikuwa wajibu, na wapo waliokwenda kwa sababu kijiji kiliagizwa kutoa watu. Lakini Desemba 1953 serikali ya Ho Chi Minh ilikuwa imepitisha sheria ya kugawa ardhi kwa wakulima, na aliyesukuma baiskeli Pha Din aliamini anasukuma kuelekea shamba lake mwenyewe. Babu wa bibi yangu aliambiwa abebe, basi. Vita havikuwa vyake, na ardhi iliyopiganiwa ilikuwa yake tayari kabla Wazungu hawajafika. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya baiskeli na kichwa.

Ipo na tofauti ya kumbukumbu. Katika mtaa mkubwa wa Dar es Salaam, sanamu ya askari imesimama na bunduki tangu 1927. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini yake, lakini aliyesimama juu ni askari. Goma, huko Kongo, wamefanya vizuri zaidi: wamejenga sanamu ya chukudu, baiskeli yao ya mbao, na msukumaji wake, katikati ya mji. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika, wapagazi wakiwa wengi wao, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina kama wenzao wa Ulaya, na ikaomba radhi. Radhi ni jambo jema. Majina lakini hayamo kwenye ofisi za Tume. Yamo kwa bibi zetu, huko Tabora, Kigoma, Machakos, Kisii, Songea, na wale waliokuwa wakiyajua wameshaanza kutuaga.

Msomaji, kama katika ukoo wenu yupo aliyechukuliwa katika Vita Kuu ya Kwanza na hakurudi, muulize aliyebaki anayemjua. Andika jina lake, jina la kijiji alichotolewa, na jina la aliyekusimulia, kisha upeleke nakala kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya nchi yako. Mimi la kwetu nimeshaliandika.